Hotuba kwa Wakulima wa Ushetu: Mtundulu Mpakani mwa Shamba



Leo sikuleta mbegu ngeni. Nataka kusema juu ya mti mdogo mnaoujua tangu utoto, nao ni mtundulu. Watu wa pwani huuita mkingiri. Ua lake huning'inia, juu rangi ya waridi, chini manjano. Wengi wenu huufyeka kwa sababu ya miiba. Nasema, msiumalize.

Kumbukeni habari za mkoa wetu wa Shinyanga. Tangu miaka ya 1920 mapori mengi yalifyekwa ili kuondoa mbung'o. Baadaye mashamba na kuni vikamaliza mengine. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, na wananchi wakarudisha ngitili. Wakati ule ngitili zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwaka 2004 zilizidi hekta 300,000. Sehemu kubwa haikupandwa. Ardhi ilipumzishwa, na mizizi ikachipua yenyewe.

Mtundulu una faida gani? Huvumilia ukame. Mbuzi na ng'ombe hula maganda yake wakati majani yamekauka. Nyuki hupenda maua yake. Fito zake ni ngumu, na mchwa hawazili upesi. Mizizi yake huongeza rutuba, kama ya kunde.

Kuupanda fanyeni hivi:

1. Kusanyeni maganda yaliyokauka, myatwange, mpepete mbegu.
2. Mimineni maji ya moto juu ya mbegu, mziache mpaka kesho yake. Ganda la mbegu ni gumu. Bila hivyo huchelewa kuota.
3. Mvua zikianza, pandeni mpakani, hatua moja kati ya shimo na shimo. Fukieni kidogo tu.
4. Zuieni mbuzi mpaka miche ipate nguvu.

Sasa sikilizeni onyo. Mtundulu ukiachwa ovyo hula shamba na malisho. Ukikatwa, au mizizi ikijeruhiwa kwa jembe, hutoa machipukizi mengi. Kwa hiyo usiupande katikati ya mahindi wala tumbaku. Kila msimu ng'oeni machipukizi yangali machanga. Ukizidi katika ngitili, punguzeni, kisha waacheni mbuzi wale yanayochipua. Tena mbegu husafiri katika samadi. Basi twangeni maganda kabla ya kulisha.

Mtundulu ni mtumishi mwema, lakini hutaka bwana aliye macho. Anayeuchunga atapata lishe mwezi wa Septemba, wakati jirani yake anahamisha ng'ombe.