Mtakatifu Elizabeti na Chakula cha Mezani

Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristu na walimu siku ya Yubile



Wazee wetu, akina mama, na ninyi ndugu walimu, tumeagizwa tuseme habari za Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria. Sanamu yake mwaijua: amechukua maua ya waridi katika vazi lake. Habari ya maua yale sisi walimu hupenda kuwasimulia watoto. Lakini wale wanawake wanne waliomtumikia, walipoulizwa habari zake baada ya kufa kwake, hawakutaja waridi hata moja. Walitaja mambo mengine, nayo ndiyo tuliyokusudia kuyasema leo.

Elizabeti alizaliwa mwaka 1207, binti wa Andrea wa 2, mfalme wa Hungaria. Alipokuwa na miaka 4 akapelekwa Thuringia, katika nchi ya Ujerumani, alelewe nyumbani mwa wakwe zake, kama ilivyokuwa desturi ya wakubwa wa zamani zile. Mwaka 1221 akaolewa na Ludwig, mtawala wa Thuringia. Wakapendana sana, wakapata watoto watatu. Wakakaa katika ngome ya Wartburg, iliyo juu ya mlima, na chini yake mji wa Eisenach.

Basi katika ngome ile chakula kilikuwa tele, walakini si chote kilichopatikana kwa haki. Mtawala alikuwa na mashamba yake ya halali; lakini vitu vingine wasimamizi wake walivitoza kwa nguvu kwa wakulima. Padre Konrad wa Marburg, aliyekuwa muungamishi wa Elizabeti tangu mwaka 1226, akamkataza asile kitu ambacho dhamiri yake haikuwa na hakika nacho. (Padre huyu alikuwa mkali kupita kiasi, hata baadaye akampiga, ukali ule hatuusifu. Lakini katika neno hili alimwongoza vema.)

Tangu siku ile kila chakula kilipoandaliwa, Elizabeti akauliza: hiki kimetoka wapi? Alipoambiwa ya kuwa chakula ni cha haki bali divai siyo, aliwaambia wajakazi wake kwamba leo watakula tu. Divai ikiwa ya haki na chakula sicho, basi leo watakunywa tu. Na siku aliyosikia kwamba vyote viwili ni vya haki, alipiga makofi kwa furaha, kwa sababu leo watakula na kunywa. Siku vilipokosekana vyote viwili, aliketi na njaa yake kando ya mumewe, akivunja mkate na kuvisogeza vipande huku na huku, wageni wasitambue ya kuwa hali. Binti wa mfalme ana njaa katika karamu ya nyumba yake mwenyewe!

Na Ludwig je? Hakumgombeza. Alisema kwamba yeye naye angependa kufanya vivyo hivyo, ila anaogopa maneno ya watu wa nyumbani mwake. Maskini Ludwig! Sisi wanaume twamfahamu sana.

Mwaka ule ule wa 1226 njaa kubwa ikaingia nchini. Ludwig alikuwa Italia kwa Kaisari Frederick. Elizabeti akafungua ghala, akawagawia watu chakula kila siku, na chini ya ngome akaweka nyumba ya wagonjwa. Mavuno yalipokaribia, wale wenye nguvu akawapa mashati, na viatu ili mabua yasiwachome miguu, na mundu mkononi, waende wakavune na kula jasho lao. Wasimamizi wakanung'unika. Ludwig aliporudi akawajibu wamwache atoe, maadamu ngome za Wartburg na Neuenburg zimebaki.

Mwaka 1227 Ludwig akafa huko Otranto, akiwa safarini kwenda Vita vya Msalaba. Elizabeti, mjane wa miaka 20, akaiacha ngome. Usiku wa kwanza akalala katika kibanda kilichokuwa zizi la nguruwe. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1228 akaweka mikono yake juu ya altare, akajikana mwenyewe na mambo ya dunia. Akaenda Marburg, akajenga hospitali, akawaosha wagonjwa kwa mikono yake. Akafa mwaka 1231, umri wake miaka 24. Papa Gregori wa 9 akamtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1235.

Tumelibakiza jambo moja dogo la siku zile za mwisho. Alikuwa akisokota sufu ya watawa wa Altenberg kwa ujira. Mara moja alikwisha pokea ujira kabla ya kazi, kisha akaitwa safarini naye hajamaliza. Akairudisha sufu iliyobaki, na pamoja nayo sarafu moja ya Köln, kwa sababu hakutaka kuwa na zaidi ya alichokifanyia kazi. Sarafu moja!

Ndugu walimu, twajua kwa nini tunalisema neno hili mbele ya watu wote. Magunia sita ya mahindi tuliyoyatoa kwa karamu ya Yubile yalipokewa kwa shangwe, na majina yetu yakasomwa kanisani. Lakini shamba lile hatukulilima sisi. Tuliwatoa watoto darasani siku nyingi kabla ya masika, wakalima, wakapalilia, wakavuna, nasi tukaita kazi hiyo mafundisho ya kilimo. Wazazi waliona, wakanyamaza kwa heshima yetu.

Juzi usiku tulikutana nyumbani mwa mmoja wetu, tukasemezana hata jogoo wa kwanza. Si wote tuliopatana. Lakini asubuhi tulimwendea Padre Paroko tukamweleza, kisha tukawaomba wazee ruhusa. Magunia yale sita yamerudishwa shuleni, yako kando ya mlango. Baada ya Misa kila mtoto aje na kikapu chake apimiwe. Majina yao tumeyaandika kwa hesabu ya siku walizolima. Nanyi mtakaoketi mezani leo tunawaomba radhi, maana ugali hautatosha kama tulivyoahidi.