Vitamini E: Tuanze na Alizeti Yetu

(Mada iliyotolewa kwa vikundi vya Mbulu na Hanang)



Katika vikundi tunaulizwa sana: je, tununue vidonge vya vitamini E ili tupate mtoto? Uvumi huu una chanzo. Mwaka 1922 Herbert Evans na Katharine Bishop, huko California, waliona panya waliokosa kirutubisho hiki wakishindwa kubeba mimba hadi mwisho. Mwaka 1936 Evans na wenzake wakakipata katika mafuta ya kiini cha ngano. Lakini panya wale walinyimwa kirutubisho hicho makusudi. Mama wa Dongobesh anayeunga mboga kwa mafuta hayuko katika hali hiyo. Mimba ikichelewa, mke na mume waende hospitali wote wawili, wasiishie duka la dawa.

Mtu mzima anahitaji miligramu 15 kwa siku, na mama anayenyonyesha 19. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti kina kama miligramu 5 na nusu. Vijiko viwili katika mboga za siku nzima, konzi ya karanga na majani ya maboga vinakufikisha karibu kabisa. Maziwa, ambayo sisi huku tunayategemea mno, yana kidogo sana. Ngano ya Basotu na mahindi yetu vina vitamini hii kwenye kiini, na kiini ndicho kinachoondolewa tunapokoboa. Dona ni bora kuliko sembe.

Kinachotusikitisha ni kaya inayouza alizeti yote wakati wa mavuno, kisha kurudi Katesh kununua vidonge. Tubakize debe la kukamua, mafuta tuyafunike na kuyaweka mbali na jua. Yaliyokaangiwa mara nyingi yamepoteza vitamini.

Vidonge vingi ni vya yuniti 400, zaidi ya mara kumi ya mahitaji. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa wanaume waliovimeza kila siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya wenzao. Anayetumia warfarini anaweza kutokwa damu. Wanaovihitaji kweli ni wachache, hasa wagonjwa ambao miili yao haifyonzi mafuta, na hao huandikiwa na daktari.