Johann Walter, Mwalimu wa Kwaya wa Matengenezo ya Kanisa

(Hotuba iliyotolewa katika Jubilei ya miaka 100 ya Usharika)



Wamisionari wa Kijerumani walipoanza kazi Kisarawe mwaka 1892, walikuja na Neno pamoja na nyimbo. Nyuma ya uimbaji huo yuko mwalimu ambaye wengi hatumjui: Johann Walter, aliyezaliwa Kahla mwaka 1496.

Mwaka 1524 Walter alitoa huko Wittenberg kitabu cha kwanza cha kwaya cha Kilutheri. Dibaji yake iliandikwa na Martin Luther mwenyewe, aliyetaka vijana wapate nyimbo njema za kuimba. Katika nyingi ya nyimbo hizo tuni hubebwa na sauti ya tatu, wala si ya kwanza kama tulivyozoea.

Kisha likaja jaribu. Mtawala Friedrich wa Saksonia alifariki mwaka 1525, na mrithi wake akaivunja kwaya ya ikulu. Walter hakutundika kinubi chake. Aliwakusanya wenyeji wa Torgau na wanafunzi, akawafundisha kuimba kanisani. Luther alipoliweka wakfu kanisa la ngome ya Torgau mwaka 1544, wimbo wa siku hiyo ulitungwa na Walter.

Ndugu zangu, kwaya ya mtawala ilikufa. Kwaya ya washarika ikaishi. Je, umeme ukikatika na vinanda vikanyamaza, sauti nne zingali vifuani mwetu? Tuwafundishe watoto wetu sasa.

Amina.