Maradhi Yasiyo na Jina: Funzo la Owino Uhuru
(Hotuba ya wakili kwa wanaharakati na waumini, Eldoret)



Mliniita nizungumze juu ya Katiba. Niruhusuni nianze na mtoto mgonjwa.

Mwaka 2009, huko Mombasa, Bi. Phyllis Omido alimpeleka mwanawe mchanga hospitalini. Homa haikukoma. Wakapima malaria, wakapima homa ya matumbo, hapakuonekana kitu. Hatimaye damuni mwake ikapatikana risasi, si ya bunduki, bali madini yenye jina hilo hilo. Mama huyo alikuwa ameajiriwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari, ukutani mwa kijiji cha Owino Uhuru.

Kijiji hicho kilikuwa na watu wapatao 3,000. Tangu kiwanda kifunguliwe mwaka 2007, mimba ziliharibika, watoto walidhoofika, wengine wakafa, na kila nyumba ikawa inautafuta mkosi wake peke yake. Risasi haijitangazi. Huingia kwa moshi, vumbi na maji, hujificha mifupani, na huidumaza akili ya mtoto kabla mzazi hajashuku neno.

Bi. Omido alidai wanakijiji wapimwe. Mwaka 2012 alikamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, na mahakama ikamwachilia. (Wazee mlio hapa mnalijua shtaka hilo tangu enzi ya chama kimoja, mimi nililisoma tu vitabuni.) Kiwanda kikafungwa mwaka 2014.

Julai 16, 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Na tazameni nani waliotiwa hatiani: si wenye kiwanda pekee, bali pia idara za Serikali, ikiwemo NEMA, iliyowekwa kuwa mlinzi. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kufunguliwa kiwanda alikuwa ametimiza miaka 17.

Mimi ni mtu wa sheria, lakini sitaitetea kasi hiyo.

Sasa, Katiba. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinakwenda mbali zaidi, na hapa ndipo naomba masikio yenu: anayekwenda kortini kuitetea haki hiyo halazimiki kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kuumia. Hatulazimiki kungoja majeneza. Nacho Kifungu cha 35 kinampa raia ruhusa ya kudai taarifa zilizomo mikononi mwa Serikali, yakiwemo majibu ya vipimo vya maji na udongo.

Kwa hiyo ombi langu kwa makanisa yaliyo kando ya mto Sosiani ni dogo. Wekeni daftari. Mnapowatembelea wagonjwa, andikeni tarehe, mtaa, dalili na maji wanayokunywa. Majina yawe siri. Zikitokea nyumba tano zenye dalili moja, nileteeni daftari hilo. Barua ya kudai vipimo nitaiandika bila malipo.