Tela Zito na Pikapu Ndogo

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Wenzangu waliotangulia wamezungumza juu ya vyeo. Mimi naomba nizungumze juu ya tela.

Mwaka 2009 nilikuwa ofisa kijana mwenye shahada. Ilitakiwa jenereta ipelekwe Morogoro kutoka Iringa. Jenereta na tela lake vilikuwa kama tani mbili, na tela lenyewe halikuwa na breki. Lori letu lilikuwa gereji, basi nikaamuru pikapu ndogo ivute. Dereva wetu, mzee aliyekaribia kustaafu, alilizunguka lile tela, akasema, "Bosi, kuvuta itavuta. Lakini Kitonga je?" Nikamjibu kwamba injini ina nguvu ya kutosha.

Kweli ilivuta, hata vilima vya kwanza nikajiona mshindi. Lakini injini ni ya kuvuta. Kusimamisha ni kazi ya breki, na breki za pikapu ile zilitengenezwa kwa uzito wake na mzigo wake wa kawaida. Vijana, haya mnafundishwa katika Fizikia: mwendo ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, nishati haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Unapofunga breki, sehemu kubwa ya nishati hiyo hugeuka joto ndani yake. Zikipata joto mno, unakanyaga nazo hazishiki. Ndiyo maana mteremko huanzwa kwa gia ndogo kabla gari halijashika kasi. Mimi Fizikia nilipata alama nzuri sana.

Liko na jambo la pili nililolipuuza. Kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito wa tela yapasa ilalie mkono wake, pale linapoungwa na gari. Ukizidi mno, gari huketi nyuma na usukani huwa mwepesi. Ukipungua, tela hutikisa mkia. Jenereta yetu ilikuwa imefungwa nyuma ya ekseli, kwa sababu huko ndiko ilikokuwa rahisi kuipakia.

Kitonga, kwenye kona, tukasikia harufu ya breki kuungua. Tela likaanza kuyumba, likitusukuma kama ng'ombe mkaidi. Mzee hakupiga kelele. Aliingiza gia ya pili, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa upande wa mlima. Tela likapinduka mtaroni. Yeye alivunjika mkono. Mimi sikupata hata mkwaruzo.

Taarifa iliandikwa kwamba dereva alishindwa kulimudu gari. Niliisoma, nikatia sahihi. Akakatwa mshahara, na mwaka uliofuata akastaafu.

Ilinichukua miaka mitatu kuandika taarifa nyingine, safari hii nikieleza nani aliamuru na nani alikataa. Nakala nilimpelekea mwenyewe kijijini kwake. Nilimwamkia, akaniitikia, akaagiza chai. Aliisoma barua polepole, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akauliza kama lile tela limekwisha kutiwa breki.

Nilimjibu, "Bado, mzee."