Nani Amechelewa? Maradhi Sugu ya Utumbo na Njia ya Matibabu Mtwara



Sisi madaktari tuna kauli tunayoipenda: mgonjwa amechelewa kufika. Jioni hii nataka kuibishia. Mtu anayeharisha damu mwaka hata mwaka, anakonda huku tumbo likimsokota, hakukaa nyumbani akingoja. Alikwenda duka la dawa muhimu, maduka yale yaliyoanzia mkoa jirani wa Ruvuma mwaka 2003, akapewa vidonge vya amiba. Zahanati alipewa dawa ya minyoo. Safari nyingine akatibiwa taifodi. Bibi yake akasema ni mchango, akamchemshia mizizi. Milango yote kaibisha, na kila mlango ukamtibu kama mgonjwa mpya.

Maradhi ya utumbo kuvimba na kutoka vidonda, kama ugonjwa wa Crohn ulioelezwa Marekani mwaka 1932, hulala na kuamka. Yakilala, dawa ya mwisho kumezwa ndiyo hupewa sifa. Tena kifua kikuu cha utumbo hufanana nayo mno; kuvitofautisha kunataka kamera na kinyama kinachopelekwa maabara.

Mwaka 1968 mtafiti Ronald Andersen alieleza matumizi ya huduma kwa mambo matatu: mtu alivyo, uwezo alionao na haja aliyo nayo. Ni hoja nzuri, ila haijapanda basi la Mtwara kwenda Dar es Salaam. Kutoka hapa hadi Hospitali ya Muhimbili, kwa anayepewa rufaa ya huko, ni zaidi ya kilomita 500, na dereva ndiye anayeamua abiria wachimbe dawa wapi. Mwenye tumbo hili hujinyima chakula tangu jana yake, au haendi kabisa. Dodoso zetu huuliza umbali na nauli, choo haziulizi. Na aibu ya kumsimamisha dereva mbele ya wakwe na majirani, nani ataiandika?

Nauli nayo ina msimu. Fedha ya korosho huja baada ya minada ya mwisho wa mwaka. Tumbo likiamka Machi, mvua imeharibu njia, mkulima hurudi dukani kwa vidonge. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, uliishia ngazi ya mkoa, yaani Hospitali ya Ligula. Hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo ipo karibu kwa miguu kuliko kwa mfuko.

Pendekezo langu halihitaji mashine. Vitabu vya zahanati huhesabu mahudhurio. Historia ya mtu imo katika daftari alilonunua mwenyewe, na likijaa hununua jingine. La zamani lisitupwe, libanwe pamoja na jipya. Mhudumu akikuta kuharisha damu kumeandikwa mara ya tatu ndani ya mwaka, aandike rufaa kabla hajaandika tena dawa ya amiba.