Mmonaki Aliye Paroko



Nimepewa kazi ya kusema juu ya maisha ya mmonaki wa Mtakatifu Benedikto awekwapo kuwa paroko. Katika parokia nyingi za kusini watu wamebatizwa, wamefungishwa ndoa na kuzikiwa wazee wao na mapadre wa namna hii, wala wengi hawakupata kujua mapadre hao wamefungwa na ahadi gani. Kwa kutojua huko huzaliwa manung'uniko.

Mtakatifu Benedikto alizaliwa Nursia, katika nchi ya Italia, yapata mwaka 480. Aliwaandikia watawa wake Kanuni, nayo yawataka waahidi mambo matatu: kudumu katika jumuiya yao, kugeuza mwenendo, na utii. Humo nyumbani husali pamoja saa zilizowekwa, hula meza moja, hufanya kazi za mikono, wala hakuna asemaye kwamba kitu hiki ni changu.

Na paroko je? Kazi yake ni kutoka. Leo yuko kigango hiki, kesho kile. Mgonjwa amwita usiku, maiti haingoji, na wenye ndoa waja na ugomvi wao. Wahenga walisema: Mshika mawili, moja humponyoka. Basi mtu huyu ameshika mawili, naye ameamriwa asiache hata moja. Ndugu zake wa abasia wasikiapo kengele huenda kanisani wote pamoja. Yeye mara nyingi husali Masifu peke yake, amechoka kwa safari, na watu wamngoja mlangoni.

Kwa nini basi walitoka? Mwaka 1884 Padre Andreas Amrhein alianzisha huko Ujerumani shirika la Wabenediktini watakaokwenda misioni. Mwaka 1888 walifika Pugu, na Januari 1889 misioni ile iliharibiwa katika vita vya Bushiri, baadhi yao wakauawa. Wenzao hawakurudi nyuma. Mwaka 1898 Padre Cassian Spiss alianzisha Peramiho; mwaka 1902 akawa Askofu; na tarehe 14 Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji, aliuawa safarini pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Vita vile viliwamaliza babu zetu wengi mno, kwa risasi na kwa njaa. Tuwaombee wote, wala tusiwasahau hawa kwa kuwakumbuka wale.

Baada ya hayo ilikuja vita ya 1914 hadi 1918, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa katika nchi. Nani aliwakusanya watu siku ya Bwana? Walimu wa dini. Hawakuweza kusoma Misa, lakini waliongoza sala na kufundisha katekisimu. Wamonaki waliporudi, waliwakuta Wakristu wangali wakisali.

Sasa nasema neno lililo gumu. Padre mmonaki si mali ya parokia. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema kwamba Askofu humweka mtawa katika kazi hiyo kwa kupendekezwa na mkubwa wake, au kwa ridhaa yake. Na Askofu aweza kumwondoa, na mkubwa wake vilevile. Tena apatacho kwa kazi yake ni cha nyumba yake. Kwa hiyo Abate akimwita nyumbani, tusinune, tusifanye vikundi, wala tusihesabu tulichompa. Yeye mwenyewe huenda analia moyoni, naye anatii.

Tumsaidieje, basi, yasimponyoke yale mawili? Kwanza, tumwachie saa zake za sala. Akikosa hizo, kesho atatuletea mikono mitupu. Pili, jambo liwezalo kumalizwa na mwalimu au wazee wa kigango, tulimalize. Tatu, ajaye baada yake tumpokee bila kumpima kila siku kwa kipimo cha aliyeondoka.

Mwaka 1957 ilianzishwa Hanga nyumba ya wamonaki Waafrika, nayo baadaye ikawa abasia. Siku hizi mmonaki aliye paroko aweza kuwa mwana wa mama mmoja aliyeketi hapa. Mama huyo alikwisha kumtoa mwanawe mara moja. Nasi tusishindwe kumtoa paroko wetu.

Walimu wenzangu, imani ikifungwa pamoja na mizigo ya padre siku anayoondoka, basi sisi hatujafundisha. Wazee wetu waliachwa bila padre, na sala haikukoma. Mungu atujalie jubilei hii ituone tumeshika kama wao.

Tumsifu Yesu Kristu.